Hita Inapopuliza Baridi: Historia ya Gereji za Ruiru na Thika

Barabara inayotoka Ruiru kupitia Githunguri hadi Uplands huanzia kwenye nchi ya kahawa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuishia kwenye majani chai, zaidi ya mita 2,200. Mwezi wa Julai, dereva wa lori la maziwa anayeipanda alfajiri hukutana na ukungu mara mbili: ule wa nje unaofunika kona, na ule wa ndani unaotokana na pumzi zake na za turniboi wake, unaoganda kwenye kioo cha mbele. Hapo hita ya gari huacha kuwa anasa. Hewa ya moto ikipigwa kwenye kioo, unyevu hukauka na barabara huonekana. Hita ikipuliza baridi, dereva hubaki na kitambaa mkononi na dirisha lililofunguliwa nusu, huku baridi ikimtafuna masikio.

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, gereji za Ruiru, Juja na Thika hupokea lalamiko lilelile: injini ni nzima, feni inapuliza, lakini joto halitoki. Na mara nyingi fundi akifungua boneti hukuta kasoro iliyowekwa na mkono wa fundi mwenzake. Thamostati haimo. Paipu mbili za kwenda kwenye hita zimekatwa na kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Feni ya rejeta imeungwa “dairekti”, ikizunguka tangu ufunguo unapowashwa. Ndani ya rejeta mna maji ya bomba yaliyogeuka rangi ya matofali.

Ni rahisi kumlaumu aliyefanya hivyo. Lakini kila moja ya kasoro hizo ilianza kama tiba ya ugonjwa mkubwa zaidi, nao ni injini kuchemka. Kwa karibu miaka mia moja, fundi wa eneo hili alipigana na joto la kupita kiasi, na hita ndiyo iliyolipia vita hivyo.

Mpangilio wenyewe si mgumu kuuelewa. Injini huunguza mafuta na kupata joto zaidi kuliko linalohitajika kusukuma magurudumu. Maji huzunguka ndani ya chuma chake, yakabeba joto hilo hadi kwenye rejeta ya mbele, ambako upepo huyapoza. Sehemu ya maji hayo hupitishwa pembeni, ikaingia kwenye rejeta nyingine ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni ikipuliza hewa kupitia rejeta hiyo ndogo, abiria hupata joto. Hita haina moto wake, bali hukopa joto la injini, na injini ikiwa baridi, au maji yakiwa hayafiki, hakuna cha kukopa.

Wazo la kutumia joto linalopotea lilianzia kwenye reli. Mwaka 1893, Margaret Wilcox wa Chicago alipewa hataza ya Marekani kwa kifaa cha kupasha joto mabehewa ya abiria. Magari ya mwanzo hayakuwa na chochote cha aina hiyo, na watu walijifunika mablanketi. Miaka ya 1920 baadhi ya watengenezaji walianza kupitisha hewa kando ya bomba la moshi ili ipate joto, kisha mfumo wa maji ya moto ukashika nafasi. Katika miaka ya 1930, Sergius Vernet alitengeneza thamostati ya nta, kifaa kidogo ambacho bado kimo ndani ya magari mengi ya leo. Nta hiyo ikipata joto huvimba, ikafungua njia ya maji kwenda rejeta ya mbele. Ikipoa hunywea, ikaifunga. Kwa njia hiyo injini hupata joto upesi na hukaa kwenye kiwango kimoja.

Wakati huo magari yalikuwa yameshafika Thika. Reli kutoka Nairobi ilifika mji huo mwaka 1913, na mashamba ya kahawa na mkonge yaliyozunguka Ruiru na Thika yalitaka malori ya kupeleka mavuno stesheni. Gari lililojulikana sana duniani enzi hizo, Ford Model T, halikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe na ya baridi yakashuka yenyewe, na mwendo huo wa polepole haukutosha kwenye mlima mrefu wenye mzigo. Ndiyo maana debe la maji likawa sehemu ya lori. Dereva alisimama mtoni, akangoja mvuke upungue, akajaza, akaendelea.

Mwinuko wa nchi uliongeza taabu. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ruiru huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na huko Uplands karibu nyuzi 92. Gari lililofanya kazi vizuri pwani lilikuwa na nafasi ndogo ya kuvumilia bara. Baadaye wahandisi walileta kifuniko cha rejeta chenye springi, kinachofungia mgandamizo ndani ili maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Lakini kifuniko hicho kina mpira, na mpira huchakaa. Kikilegea tu, gari hurudi kwenye sheria za mlima, na maji yakichemka hugeuka mvuke unaotoroka. Rejeta ndogo ya hita, ambayo kwenye magari mengi imewekwa juu, huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukosa maji. Hivyo hita inayopoa ghafla wakati gari linapanda mlima ni onyo kwamba maji yamepungua, na dereva anayelijua hilo husimama kabla mshale haujagusa nyekundu.

Madereva wa zamani walikuwa na ujanja mwingine kuhusu hita. Gari likianza kuchemka, waliiwasha hadi mwisho hata kama jua lilikuwa la utosi. Joto lilihama kutoka kwenye injini na kuingia walimokaa watu. Abiria walitokwa na jasho, lakini gari lilifika. Kwa wengi wao, hiyo ndiyo kazi pekee waliyoijua ya kifaa hicho.

Kulikuwa na gari moja lililokwepa balaa la maji kabisa. Mwaka 1953, mashindano ya kwanza ya Safari Rally, yaliyoitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalishindwa na Alan Dix akiendesha Volkswagen yenye umbo la kobe. Injini yake ilipozwa kwa hewa, haikuwa na rejeta wala kifuniko. Hita yake ilichukua joto kutoka kwenye mabomba ya moshi yaliyofunikwa kwa mabati, na nyaya ndefu ziliifungua na kuifunga. Ilipokuwa mpya ilitosha. Mabati yalipopata kutu, hewa ya moto iliishia njiani, au mbaya zaidi, moshi wa injini uliingia walimokaa watu. Fundi aliyeziba kabisa njia hiyo ya hewa aliwanyima abiria joto, akawaokoa na sumu.

Katika miaka ya 1970 Thika yenyewe ikawa mji wa kuunda magari. Leyland Kenya iliundwa mwaka 1974 kwa ubia wa serikali na kampuni ya Uingereza ya British Leyland, na kiwanda chake kikajengwa Thika. Malori ya Leyland, Land Rover na Kombi za Volkswagen yaliletwa yakiwa vipande na kuunganishwa hapo. Mwaka 1989 kampuni ilibadilisha jina na kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers, maarufu kama KVM. Pamoja na viwanda vingine viwili vya wakati huo, kimoja Nairobi na kingine Mombasa, Thika ilitoa sehemu kubwa ya magari mapya yaliyoonekana barabarani.

Magari hayo yaliundwa kwa ajili ya nchi iliyodhaniwa kuwa ya joto tu. Kwenye Land Rover za miaka hiyo, hita ilikuwa kifaa cha kuongezwa kwa malipo. Mnunuzi wa nchi ya kitropiki aliona hakuna haja, na ofisi ikitaka kupunguza gharama, hita ilikuwa ya kwanza kukatwa. Ndiyo sababu kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kazi kwenye magari ambayo ama hayakuwa na hita, ama yalikuwa nayo na hakuna aliyeitumia. Paipu ya hita kwao ilikuwa sehemu moja zaidi inayoweza kuvuja.

Fundi aliyetawala enzi hiyo ni fundi wa rejeta. Rejeta za wakati huo zilikuwa za shaba nyekundu na shaba nyeupe, na hizo hulehemika. Alichohitaji ni karai la maji, jiko la makaa, asidi ya kusafishia na kijiti cha bati lililochanganywa na risasi. Aliziba mdomo mmoja wa rejeta, akapuliza hewa kwenye mwingine, akaizamisha ndani ya maji na kutazama mapovu yanatokea wapi. Palipotoka povu alipakwangua, akapapaka asidi na kupaziba kwa bati la moto. Rejeta iliyoziba kwa uchafu aliikata kichwa, akapitisha ukanda mwembamba wa chuma katika kila kijibomba hadi mwanga uonekane upande wa pili, kisha akairudishia kichwa chake. Rejeta ndogo ya hita aliishughulikia vivyo hivyo. Ni kazi iliyodai jicho na subira, na moshi wa risasi uliwaingia wengi mapafuni bila kinga yoyote.

Wakati huohuo taifa lilikuwa likianza kuwaona mafundi hawa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya iliieleza dunia kwamba kazi zilizofanywa vichochoroni bila leseni zilikuwa na tija na zilistahili kuungwa mkono. Mwaka 1977 mtafiti Kenneth King alichapisha kitabu kizima kuhusu fundi wa Kiafrika wa Kenya na namna anavyojifunza kwa kumtazama bwana wake. Miaka ya 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilijenga vibanda vya jua kali mijini, na waraka wa sera wa mwaka 1992 ukaiweka sekta hiyo katika mipango rasmi. Mwanagenzi aliyekuwa akishika tochi alikuwa sasa na jina katika nyaraka za serikali. Alichoendelea kukosa ni kitabu cha gari alilolitengeneza.

Upungufu huo ulijionyesha wazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, vizuizi vya uagizaji na fedha za kigeni vilipolegezwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia Mombasa. Toyota Corolla na Nissan Sunny zilikuja zikiwa na kila kitu ambacho mnunuzi wa Leyland alikikata: kiyoyozi, hita kamili, vifungo vyenye maandishi ya Kijapani. Hita hizo zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya nchi yenye kisiwa cha Hokkaido, ambako theluji hulala kwa miezi. Kwa bei ya gari chakavu, mwalimu wa Ruiru alipata joto ambalo meneja wa shamba wa miaka ya 1960 hakuwa nalo. Kiwango cha Shirika la Kudhibiti Ubora wa Bidhaa, KEBS, baadaye kiliweka kikomo: gari lililotumika lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza.

Magari yalibadilika, lakini maji hayakubadilika. Injini ya Kijapani yenye kichwa cha alumini ilitaka kulanti, yaani kioevu chenye dawa ya kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Wamiliki wengi walikiona kama rangi ya kupendezesha maji. Nchi haina barafu barabarani, walisema, basi ya nini? Waliongeza maji ya bomba, au ya kisima yenye chumvi nyingi, na miaka miwili baadaye kutu na magadi yakajaa kwenye njia nyembamba. Njia nyembamba kuliko zote zimo ndani ya rejeta ndogo ya hita, nayo ndiyo iliyoziba kwanza.

Fundi wa rejeta naye alipigwa na mabadiliko. Rejeta mpya zilikuwa za alumini na vichwa vya plastiki. Bati na risasi havishiki alumini kama vinavyoshika shaba, na plastiki haivumilii moto wa jiko. Rejeta ya hita ikivuja, njia ya kuitoa ilikuwa kufungua dashibodi nzima, kazi ya siku nzima au zaidi, na spea iliyopatikana Grogan, yaani Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ilikuwa nayo imetolewa kwenye gari lililochinjwa. Mteja aliyeona zulia limelowa miguuni, na kioo kimepata utando wenye harufu ya utamu, alitaka gari lake jioni hiyohiyo. Fundi alikata paipu mbili, akaziunganisha kwa kipande cha bomba na vibanio viwili. Uvujaji ukakoma na gari likaenda zake, lakini hita ikafa siku ile.

Thamostati iliondolewa kwa hesabu kama hiyo. Ikikwama ikiwa imefungwa, injini huchemka na gasketi ya kichwa huungua, gharama inayoweza kumfanya mwenye gari aliuze. Thamostati bandia zilijaa madukani, na fundi hakuwa na namna ya kujua ipi itakwama. Kuiondoa kulimhakikishia kwamba maji yatapita daima. Alichopoteza hakikuonekana upesi: injini ilichelewa kupata joto, ikala petroli zaidi, na asubuhi ya Julai ilitoa hewa ya uvuguvugu iliyopoa kabisa gari lilipokimbia.

Kisha zikaja foleni. Kabla ya upanuzi, Barabara ya Thika ilikuwa na mizunguko iliyokwamisha magari kwa saa nyingi, na gari lililosimama halipati upepo wa kupoza rejeta. Likitegemea feni ya umeme, basi kihisio, rilei na waya vyote lazima viwe vizima. Kimoja kikifa katikati ya foleni ya Githurai, mvuke hutoka mbele ya umati. Ndipo ulipoenea ufundi wa kuiunga feni moja kwa moja na swichi ya gari. Barabara mpya ya Thika ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012, na upepo ukarudi kwenye rejeta kwa sehemu kubwa ya siku. Feni nyingi zilibaki kwenye dairekti, zikipoza injini hata saa kumi na moja alfajiri, isipohitaji kupozwa.

Ruiru nayo iliongezeka kwa kasi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji huo, wengi wakiwa wamehamia kwenye mashamba ya kahawa yaliyogawanywa viwanja. Yadi za magari zilipangana Kamakis, kando ya Eastern Bypass, na nyuma yake gereji. Juja, kati ya Ruiru na Thika, kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilichoanza mwaka 1981 kikiwa chuo cha kilimo na teknolojia kwa msaada wa serikali ya Japani; na Thika kuna taasisi ya kiufundi inayofunza umakanika. Fundi wa sasa anaweza kuwa na cheti, simu yenye video za mafunzo, na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Na katika suala la hita, kinachomtofautisha zaidi na mtangulizi wake ni mpangilio wa kutafuta kosa.

Huanza kwa kutazama kiwango cha maji injini ikiwa imepoa, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa moto humwagia mtu mvuke usoni. Kiwango kikiwa chini, kuna mahali maji yanapotoka, na kuongeza bila kutafuta ni kujidanganya. Kisha huwasha gari na kuutazama mshale. Gari lililokwenda kilomita 10 na mshale haujafika mahali pake linaelekeza kidole kwenye thamostati iliyokwama wazi au isiyokuwepo. Thamostati nzima ya Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na fundi anaweza kuijaribu ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, akiwa na kipimajoto.

Mshale ukiwa sawa, mkono hufuata paipu mbili zinazoingia ukutani nyuma ya injini. Zote mbili zikiwa za moto, maji yanafika na kurudi, hivyo kosa liko ndani: kilango kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi kimekwama, au mota yake ndogo imekufa. Moja ikiwa ya moto na nyingine ya baridi, rejeta ndogo imeziba, na huoshwa kwa kupitisha maji kinyume na mwendo wake wa kawaida, kwa mgandamizo mdogo usiipasue. Zote zikiwa baridi huku injini ni ya moto, kuna hewa iliyonaswa, vali iliyofungwa au pampu isiyosukuma. Hewa hutolewa gari likiwa limeinuliwa pua, kifuniko kikiwa wazi tangu likiwa baridi, hita ikiwa mwisho, huku kulanti ikiongezwa hadi mapovu yakome. Yasipokoma, fundi makini huacha kuzungumza kuhusu hita na kuanza kuzungumza kuhusu gasketi ya kichwa. Na ikiwa hata upepo hautoki, hutazama fyuzi, kizuizi cha feni, na kichujio cha hewa ambacho kwenye gari la barabara za vumbi hukutwa kimejaa majani na udongo.

Gharama za kurudisha kile kilichokatwa zamani si ndogo, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo mapema. Kuweka thamostati mpya bila kuosha rejeta ya mbele ni kualika uchemkaji uleule uliosababisha ya kwanza itolewe. Kurudisha feni kwenye kihisio chake bila kuangalia rilei ni vivyo hivyo. Inabidi mfumo wote upone pamoja: maji, kifuniko, feni, thamostati, ndipo hita.

Wakati kazi hiyo inaendelea Ruiru, Thika imeanza kuunda magari yasiyo na joto la kukopa. Volkswagen ilirudi kwenye kiwanda cha KVM mwishoni mwa mwaka 2016 kuunganisha Polo Vivo. Mwaka 2024, kampuni ya BasiGo ilianza kuunganisha mabasi ya umeme katika kiwanda hichohicho. Mota ya umeme haipotezi joto kama injini ya petroli, hivyo hita ya gari la umeme huwa na koili zake zenyewe, au pampu inayovuna joto kutoka hewani, na huchota nishati kwenye betri ileile inayosukuma magurudumu. Hata kwenye Toyota Prius ya kizazi cha tatu, gari la petroli na umeme lililotoka mwaka 2009, pampu ya maji tayari inaendeshwa kwa umeme. Ikifa, hakuna mkanda uliokatika wa kumwonyesha fundi kosa. Kwenye magari ya umeme yapo pia mabomba ya kulanti yanayopoza betri na vifaa vya umeme, na humo maji ya kisima hayana nafasi hata siku moja. Nyaya zake za rangi ya machungwa hubeba umeme wa kuua, na glavu za mpira pamoja na mafunzo ya kuzima mfumo kabla ya kuugusa ndizo zana za kwanza ambazo gereji za Ruiru zinahitaji kununua sasa.